Mapengo ya Mwongozo wa Unix na Jitihada za Kuyaziba

Mtu aketipo mbele ya kompyuta itumikayo kwa amri za maandishi, wala si kwa picha za kubofya, haoni kitu ila mstari mtupu na alama moja imngojeayo. Mstari huo haumwambii neno. Hauonyeshi orodha ya mambo yawezayo kufanywa, wala haumpi dokezo la mahali pa kuanzia. Amri asiyoijua ni kama haipo kwake, hata ikiwa imehifadhiwa ndani ya mashine na i tayari kutenda. Kwa sababu hiyo kitabu cha kueleza amri si pambo lililofuata baada ya programu, bali ni nusu ya programu yenyewe, na pengo ndani ya kitabu hicho ni pengo katika kazi.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kitabu kimoja cha namna hiyo, yaani Mwongozo wa Unix, kilivyoanzishwa, jinsi mapengo yalivyotokea ndani yake, na jinsi watu mbalimbali walivyojitahidi kuyaziba. Habari hii yaonekana kuwa ya mafundi wa mashine tu. Lakini aliyewahi kutunga kamusi, au hata kusahihisha kurasa chache za kamusi, atatambua humo mashaka yake mwenyewe: neno lililosahauliwa, maana iliyobadilika baada ya kitabu kupigwa chapa, na msomaji asiyejua aanzie herufi gani.

Unix ilianzwa mwaka wa 1969 na Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie na wenzao wachache, katika Maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey. Kwa muda wa miaka miwili hivi haikuwa na kitabu. Watumiaji wake walikuwa karibu karibu, na aliyetaka kujua amri alimwendea aliyeitunga. Elimu ya namna hii hupatana na watu wachache wanaoonana kila siku, haivuki ukuta. Mwaka wa 1971 idara ya hataza ya kampuni ile ilianza kuutumia mfumo huo, katika kompyuta ya PDP-11, kwa kuandika na kupanga maombi yake. Hapo tayari palikuwa na watumiaji ambao hawakuwa watungaji.

Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wa idara ya Thompson na Ritchie, ndiye aliyesisitiza kwamba kitabu kiandikwe. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 3 Novemba 1971, likieleza amri zaidi ya 60. Liligawanywa katika mafungu 7, na amri zikawa fungu la kwanza. Mgawanyo huo, pamoja na mabadiliko madogo, ungali unatumika. Kila amri ilipewa ukurasa wake chini ya vichwa visivyobadilika: jina la amri pamoja na kauli fupi ya kuieleza; namna ya kuiandika; maelezo; faili zinazohusika; kurasa nyingine za kutazama; maana ya ishara za makosa; kasoro; na mwisho, mwenyewe, yaani mtu wa kuulizwa habari za programu ile, akitajwa kwa jina fupi alilotumia katika mashine.

Vichwa viwili kati ya hivyo vyastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana mambo yote yaliyofuata yamefungamana navyo. Cha kwanza ni kasoro. Si desturi ya mfanya biashara kuandika ubaya wa bidhaa yake katika karatasi ile ile ya kuisifu. Lakini watu wa Murray Hill hawakuwa wakiuza kitu, nao waliandika. Mfano mmoja ni amri iitwayo cat, ambayo kazi yake ni kuunganisha faili na kuzitoa zikifuatana. Ukurasa wake wa miaka ya 1970 waonya kwamba mtu akielekeza matokeo yaingie katika faili mojawapo anayoisoma, atapata mambo ya ajabu. Sababu yake ni nyepesi: faili ya kupokea husafishwa kwanza, kabla cat haijaanza kuisoma. Hivyo mtu aliyekusudia kuongeza maneno katika faili yake ataikuta imepoteza yaliyokuwamo. Bila sentensi ile moja, kazi ya juma zima yaweza kupotea kwa dakika, na aliyeipoteza asijue amekosa wapi. Kichwa cha kasoro basi kilikuwa namna ya kuziba pengo kwa kulitaja. Pengo lililotajwa si pengo kamili.

Kichwa cha pili ni mwenyewe. Hiki hakikudumu, katika matoleo ya baadaye kiliondolewa, na yamkini palikuwa na sababu, maana programu huwapita watungaji wake umri na kazi. Hata hivyo naona kwamba kilipoondoka kiliondoka na kitu. Ukurasa wenye jina una mtu wa kuulizwa. Usio na jina ni wa wote, na cha wote aghalabu hakina mwangalizi. Tutaona mbele kwamba wazibaji wa mapengo walilazimika kurudia tena na tena jambo hili ambalo toleo la kwanza lilikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

McIlroy mwenyewe alieleza baadaye faida nyingine ambayo pengine haikutazamiwa. Mtungaji alipoketi kuieleza amri yake katika ukurasa mmoja, akakuta kwamba maelezo yanakuwa marefu na yenye aibu, mara nyingi hakuendelea kuyarefusha. Alirudi akaitengeneza amri, mpaka ikaelezeka. Yaani maandishi yaliisahihisha mashine. Mimi sioni jambo jingine katika historia hii lenye maana kubwa kuliko hili. Twazoea kudhani kwamba maelezo ni kivuli cha kitu, na kivuli hakiwezi kukinyosha kiti kilichopinda. Hapa kivuli kilikinyosha.

Miaka iliyofuata Unix ilitoka Murray Hill. Kwa hukumu ya mwaka wa 1956, kampuni ya AT&T, iliyomiliki Maabara ya Bell, ilizuiliwa kufanya biashara isiyokuwa ya simu na mawasiliano. Kwa hiyo vyuo vikuu vilipewa mfumo huo kwa ada ndogo, pasipo ahadi ya msaada wowote. Hapakuwa na wa kumpigia simu. Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kiliupata mwaka wa 1974, na vingine vingi vikafuata. Aliyeupokea alipata utepe, na ndani ya utepe ule ule mlikuwa na programu pamoja na kurasa za mwongozo. Jambo hili la mwisho lilikuwa na matokeo makubwa: ukurasa uliokuwa katika mashine uliweza kusahihishwa na yeyote, palepale alipoliona kosa, na masahihisho yakarudishwa au yakapelekwa kwa jirani. Kitabu cha karatasi hakina uwezo huo.

Lakini watumiaji walipoongezeka lilidhihirika pengo la aina nyingine, lisilokuwa la sentensi iliyoachwa. Mnamo Novemba 1981 Donald Norman, mtaalamu wa saikolojia, alitoa makala katika gazeti la Datamation akiulaumu mfumo wa Unix kwa ukali. Lawama yake mojawapo ilihusu majina ya amri. Nani angebuni kwamba kuonyesha faili ni kazi ya amri iitwayo cat? Ukurasa wa cat waweza kuwa kamili kwa kila hali, na usimfae mtu asiyejua kwamba anachokitafuta kinaitwa hivyo. Kwake yeye ukurasa haupo.

Watungaji wa kamusi za Kiswahili waijua shida hii tangu zamani. Kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939 huyaweka maneno mengi chini ya mashina yake, na mgeni atafutaye neno mapatano hana budi kujua kwanza kwamba latokana na pata. Mwenye kujua hupata. Asiyejua, ambaye ndiye mhitaji, hufunga kitabu. Dawa waliyoitumia watu wa Unix ilikuwa ya namna mbili. Mwongozo wa karatasi ulitiwa faharasa iliyozungushwa, ambamo kila neno zito la kauli fupi lilipangwa kwa zamu yake kwa herufi, hata mtu aliyekumbuka neno moja tu la kueleza haja yake aliweza kuifikia amri. Nao watu wa Berkeley walitoa amri iitwayo apropos, ifanyayo kazi ya kufanana na hiyo ndani ya mashine. Dawa zote mbili zilitegemea kauli moja ya maneno machache, iliyo juu ya kila ukurasa. Aliyeiandika kauli hiyo kwa uvivu aliificha amri yake, hata kama maelezo yaliyofuata yalikuwa bora.

Nafika sasa kwenye jambo lililoupima mwongozo kuliko lawama yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Berkeley walikuwa wameongeza mengi sana katika Unix, lakini sehemu zilizobaki za asili zilikuwa mali ya AT&T, na bei ya ruhusa yake ilikuwa ikipanda. Mwaka wa 1989 walitoa kwa uhuru sehemu zao za mawasiliano ya mitandao peke yake. Ndipo Keith Bostic, mmojawapo wao, alipotaka kutoa zaidi. Wenzake walimwambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa mamia ya amri yangepaswa kuandikwa upya. Bostic akawaomba watu wa kujitolea waandike upya amri za Unix, wakitegemea maelezo yaliyochapishwa peke yake, pasipo kutazama maandishi ya programu za AT&T. Ujira wao ulikuwa majina yao kuandikwa katika orodha ya waliosaidia, kila mmoja kando ya amri aliyoitunga. Katika muda wa miezi 18 hivi, karibu amri zote za maana zilikuwa zimekwisha andikwa.

Tukio hili laonyesha yaliyomo katika maelezo mema. Kama ukurasa wa mwongozo usingekuwa ila dondoo za kumkumbusha anayejua tayari, kazi ile isingewezekana. Nyumba ilijengwa upya kwa kusoma maelezo ya nyumba. Na kila mahali ukurasa uliponyamaza, mwandishi mpya alijikuta mbele ya pengo ambalo msomaji wa kawaida angelipita bila kuliona: amri ifanye nini ikipewa faili isiyo na kitu, itoe ishara gani ikishindwa, ikubali machaguo mawili yanayopingana au iyakatae. Msomaji huuliza ukurasa swali moja na kwenda zake, bali mjenzi huyauliza yote.

Toleo lililotokana na kazi hiyo lilitoka mwaka wa 1991. Mwaka uliofuata kampuni tanzu ya AT&T ilifungua mashtaka, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka wa 1994; katika faili 18,000 hivi, 3 tu ziliondolewa. Lakini kurasa za mwongozo nazo zilikuwa maandishi, na maandishi yana mwenyewe kama zilivyo programu. Ilibidi nazo ziandikwe upya. Katika kazi hiyo Cynthia Livingston alibuni utaratibu mpya wa alama za kuandikia kurasa, uitwao mdoc. Zamani mwandishi aliiambia mashine tu kwamba neno hili liwe zito na lile lilale. Kwa utaratibu wa Livingston aliiambia kwamba neno hili ni jina la amri, hili ni chaguo, na lile ni jina la faili. Tofauti ni ile iliyopo kati ya mpiga chapa na mwanasarufi. Maadamu mashine yajua kila neno ni la aina gani, yaweza kutafuta, na hata kukagua, yale ambayo jicho huyapita.

Wakati huo huo kundi jingine lilikuwa likiandika upya Unix kwa njia yake. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwezi wa Septemba 1983, naye hakuupenda mtindo wa ukurasa mmoja kwa kila amri. Aliona kwamba maelezo ya kweli ni kitabu chenye sura na mfuatano, chenye kumfundisha mtu na si kumkumbusha tu. Basi mradi wake ulitumia utaratibu uitwao Texinfo na programu ya kusomea iitwayo Info. Hoja yake ilikuwa na nguvu, na baadhi ya vitabu vilivyoandikwa kwa njia hiyo ni vizuri kweli. Ila msomaji hakuulizwa. Mazoea yake yalikuwa kuandika man na jina la amri, na kwa miaka mingi alipofanya hivyo juu ya amri za GNU alikuta ukurasa mfupi, pengine wenye taarifa kwamba hautunzwi tena, ukimwelekeza aende kwenye Info. Baadaye ilitungwa programu iitwayo help2man, ambayo huuliza amri yenyewe msaada wake na kuyageuza majibu kuwa ukurasa. Kwa njia hii ukurasa haupitwi na wakati, kwa kuwa hutoka katika kinywa cha programu kila inapotengenezwa. Walakini amri haiwezi kusema zaidi ya iliyofundishwa kusema, na machaguo yaliyoorodheshwa hayaelezi ni lini yatumike. Ukurasa upo, na msomaji bado ana njaa. Pengo la namna hii ni gumu kuliko yote, maana likihesabiwa halionekani.

Mradi wa Debian, ulioanza mwaka wa 1993, ulilitazama jambo kwa upande wa sheria. Kanuni zake zasema kwamba kila programu iwe na ukurasa wake wa mwongozo, na kwamba kuukosa ni kasoro ya kuripotiwa kama kasoro nyingine. Hapo mwanzo palikuwa na desturi ya kuchekesha kidogo: amri isiyo na ukurasa iliunganishwa na ukurasa mmoja wa wote uitwao undocumented, uliomwambia msomaji kwamba maelezo bado hayajaandikwa. Nia ilikuwa njema. Lakini pengo lililofunikwa kwa kitambaa kizuri halimsumbui mtu, na desturi ile ilifutwa, ili amri isiyo na ukurasa ionekane uchi na kumwaibisha mwenye nayo.

Debian hiyo hiyo yatoa mfano wa pengo lililofanywa kwa makusudi na watu wenye kufuata dhamiri zao. Mwaka wa 2000 mradi wa GNU ulitoa leseni maalumu kwa ajili ya vitabu, ambayo humruhusu mwandishi kuzitaja sehemu zisizoweza kubadilishwa. Mwezi wa Machi 2006 watu wa Debian walipiga kura, wakaamua kwamba kitabu chenye sehemu za namna hiyo si huru kwa kadiri ya kanuni zao. Matokeo yake, vitabu vya baadhi ya programu mashuhuri za GNU, kikiwamo cha Emacs, viliwekwa katika ghala la pembeni, na aliyesimika mfumo kwa njia ya kawaida alipata programu pasipo kitabu chake. Pande zote mbili zilitetea uhuru. Sikusudii kuamua hapa ni nani aliyekuwa na haki. Nataja tu kwamba aliyebaki na mikono mitupu ni msomaji.

Juu ya mifano, ambayo kurasa nyingi za zamani hazikuwa nayo kabisa, ulianzishwa mwaka wa 2013 mradi wa tldr-pages, unaokusanya kwa kila amri mifano michache ya matumizi ya kila siku. Wafaa sana mwenye haraka. Haudai kuwa badala ya mwongozo, wala haufai kufanywa hivyo.

Yabaki kusema juu ya utunzaji. Kurasa zinazoeleza kiini cha mfumo wa Linux na maktaba yake, ambazo waandishi wa amri huzitegemea kama waashi wategemeavyo timazi, zimetunzwa tangu mwaka wa 1993 na mtu mmoja baada ya mwingine: Rik Faith mpaka mwaka wa 1995, Andries Brouwer mpaka mwaka wa 2004, kisha Michael Kerrisk. Kerrisk hakutosheka kunakili yaliyosemwa na watungaji. Aliandika programu ndogo za majaribio ili aone kama mfumo watenda kama usemwavyo, na mara kwa mara aligundua kwamba kosa halimo katika ukurasa bali katika mfumo. Ndilo jambo lile lile aliloliona McIlroy kabla yake. Kutokana na kazi hiyo alitoa mwaka wa 2010 kitabu chenye kurasa zaidi ya 1,500.

Mnamo mwaka wa 2020 utunzaji ulianza kupita kwa Alejandro Colomar. Mwezi wa Septemba 2024 yeye alitangaza kwamba ameisimamisha kazi, kwa kuwa hakuwa akilipwa na hakuweza kuendelea hivyo. Linux wakati huo ilikuwa ikiendesha sehemu kubwa ya mashine zinazotoa huduma za intaneti duniani, na simu zisizo na idadi, na makampuni yaliyoitegemea yalikuwa miongoni mwa yenye mali nyingi kuliko yote. Mwaka haujaisha, baadhi ya makampuni hayo yalikubali kuchanga fedha za kumlipa, naye akairudia kazi.